Maswali ya Wasomaji: Maji ya Angani na Umri wa Nyota

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu wataalamu wanaochunguza nyota kwa kupokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye mvuke wa maji uliozizunguka. Aya zile hazikutosha, na barua zilizotufikia zimethibitisha hivyo. Tumechagua tano na kuzipanga kwa namna ambayo jibu moja litamfungulia msomaji linalofuata.

*Ndugu Mhariri, mliandika kwamba mvuke wa maji huko angani hukuza mawimbi ya redio. Mvuke unawezaje kukuza kitu? Tena mlitumia neno "maseri" bila kulieleza.*

Tuanze na neno lenyewe, maana lilitusumbua hata sisi. Leza imekwisha kuzoeleka katika Kiswahili. Ndugu yake, anayekuza mawimbi ya redio kama leza inavyokuza mwanga, kama tungefuata matamshi ya asili, angeitwa "meza", na msomaji angedhani tunaandika habari za samani. Kwa hiyo safu hii imechagua kuandika maseri. Kwa umri maseri ndiyo kaka. Charles Townes na wenzake waliwasha maseri ya kwanza, iliyotumia gesi ya amonia, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York mwaka 1954, na leza ya kwanza ikafuata mwaka 1960.

Molekuli ya maji ikiwa katika hali ya mvuke huzunguka kama pia, lakini kasi yake ya kuzunguka haibadiliki kidogo kidogo. Hupanda na kushuka kwa ngazi. Iko ngazi moja ambayo molekuli ikishuka kutoka hapo hadi ngazi iliyo chini yake kidogo hutoa wimbi la redio lenye masafa ya gigahezi 22.235, yaani urefu wa sentimita 1.35. Katika gesi ya kawaida molekuli zilizo chini ni nyingi kuliko zilizo juu, na wimbi la masafa hayo likipita humezwa zaidi kuliko kuongezwa. Katika maseri mambo yamepinduka: ngazi ya juu imejaa kuliko ya chini. Hapo wimbi moja linapopita karibu na molekuli iliyo juu, molekuli hiyo hushuka na kutoa wimbi la pili linalofanana kabisa na la kwanza, lenye mwelekeo uleule na mapigo yaleyale. Mawili huwa manne, manne huwa manane, kama wimbo ulioanzishwa na mtu mmoja kisha ukaitikiwa na umati mzima kwa sauti ileile aliyoanza nayo. Kadiri njia ndani ya gesi inavyokuwa ndefu, ndivyo sauti inavyozidi kukua, mradi tu gesi yote iliyo njiani iwe na mwendo unaokaribiana. Sehemu inayokwenda kasi tofauti husikia wimbi hilo katika masafa mengine, wala haliitikii.

Kinachoipandisha molekuli ni migongano. Gesi yenye joto la kelvini 400 hivi, takriban nyuzi 127 za selsiasi, ikiwa na molekuli za hidrojeni kati ya milioni 100 na bilioni moja katika kila sentimita ya ujazo, hugongana na maji na kuyasukuma hadi ngazi za juu, na yanapoteremka husongamana kwenye ngazi hiyo tuliyoitaja. Msomaji asidhani kwamba gesi hiyo ni nzito. Hewa tunayovuta ina molekuli zaidi ya bilioni 20 mara bilioni moja katika ujazo huohuo. Bahari haipo huko, wala tone. Hata hivyo mawimbi yanayotoka ni makali kiasi kwamba, kama mtu angetaka kuyapata kutoka kwenye kitu kilichopashwa moto tu, angehitaji joto la mamilioni ya mamilioni ya kelvini, jambo ambalo gesi yenye maji haiwezi kulistahimili hata kidogo. Hiyo ndiyo dalili iliyowaonyesha wataalamu tangu mwanzo kwamba ukuzaji unafanyika. Ugunduzi wenyewe ulitangazwa mwaka 1969 na kundi ambalo Townes huyohuyo alikuwemo, kwa kutumia antena ya mita 6 tu iliyokuwa Hat Creek, California. Mtu aliyeitengeneza maseri maabara alishiriki kuikuta angani ikiwa imejitengeneza yenyewe, na katika historia ya sayansi mifano ya namna hiyo si mingi.

*Mheshimiwa Mhariri, mlisema kwamba maseri za maji huonekana kwa nyota zinazozaliwa na pia kwa nyota zinazoelekea mwisho wake. Kama ishara ni moja, mtaalamu anajuaje kwamba anamtazama mtoto au mzee?*

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, na tutakikalia.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba ishara hii haitoki kwenye nyota yenyewe. Inatoka kwenye gesi ambayo nyota inaisukuma. Mtoto na mzee hukutana katika tabia hiyo moja, kwamba wote wawili wanaitupa gesi nje kwa nguvu, ingawa sababu zao hazifanani.

Nyota changa huzaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi linalojikunja kwa uvutano wake lenyewe. Gesi inayoanguka haifiki moja kwa moja. Huzunguka kwanza katika sahani bapa, na sehemu yake hurushwa nje kupitia ncha mbili za mhimili kama michirizi ya kasi. Mchirizi unapoligonga wingu hutokea wimbi la mshtuko. Nyuma ya mshtuko huo barafu iliyoganda juu ya chembe za vumbi huyeyuka na kuwa mvuke, oksijeni huungana na hidrojeni na kutengeneza maji mapya, na joto na msongamano hufikia vile viwango tulivyovitaja. Kwa hiyo ukiona maseri ya maji katika wingu lenye giza, umeona mahali ambapo mchirizi unagonga. Nyota yenyewe mara nyingi haionekani kwa darubini ya kawaida, kwa kuwa vumbi limeifunika. Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo bila shida. Katika kundinyota la Jabari, ambalo ramani za kimataifa huliita Orion, iko sehemu ya namna hiyo nyuma ya nebula (wingu la gesi linalong'aa) maarufu, nayo ilikuwa miongoni mwa vyanzo vitatu vya kwanza kugunduliwa mwaka 1969.

Kwa nyota kongwe mambo huenda polepole zaidi. Nyota inayofanana na Jua ikimaliza hidrojeni ya kiini chake huvimba na kuwa jitu jekundu, na baadaye huanza kupwita: hutanuka na kusinyaa katika vipindi ambavyo mara nyingi hukaribia mwaka mmoja. Kila mpwito huinua gesi ya juu. Gesi ikifika mbali kiasi cha kupoa, vumbi huganda, mwanga wa nyota hulisukuma vumbi hilo, nalo huiburuta gesi. Nyota kubwa zaidi, yale majitu makuu mekundu kama VY Canis Majoris katika kundinyota la Mbwa Mkubwa, zinaweza kupoteza gesi yenye uzito wa Jua zima katika muda wa miaka 10,000 hivi. Ikiwa nyota ina oksijeni nyingi kuliko kaboni, oksijeni inayobaki huwa maji. Ikiwa kaboni ndiyo nyingi, karibu oksijeni yote hufungwa ndani ya monoksidi ya kaboni, na maseri ya maji haitarajiwi.

Sasa tuje kwenye kuwatambua. Gesi ya nyota kongwe ina mpangilio wa tabaka unaopendeza. Karibu kabisa na nyota hupatikana maseri za oksidi ya silikoni, zinazosikika kwenye gigahezi 43. Zinafuata maseri za maji. Mbali zaidi, mahali ambapo mwanga mkali wa nyota nyingine umekwisha kuzivunja molekuli za maji, hupatikana maseri za hidroksili (oksijeni moja na hidrojeni moja) kwenye megahezi 1612. Mtaalamu akizikuta zote tatu mahali pamoja, na mwendo wa gesi ukawa wa kilomita 10 au 20 kwa sekunde kutoka mwendo wa nyota, na ukali wa ishara ukapanda na kushuka ukifuata mapwito ya nyota kwa kuchelewa kidogo, hana sababu kubwa ya kutilia shaka kwamba huyu ni mzee. Kwa nyota changa oksidi ya silikoni ni nadra mno. Badala yake, nyota changa zenye uzito mkubwa hutoa maseri za methanoli kwenye gigahezi 6.7, na aina hiyo ya methanoli haijazoeleka penginepo. Miendo ya maji yao pia hutawanyika sana. Katika wingu la W49, ambalo lina maseri za maji zenye nguvu kuliko zote katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, iko gesi inayotofautiana na mwendo wa wingu lenyewe kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde.

Baada ya kueleza kanuni, inatupasa tueleze inapovunjika, kwani hapo ndipo mwandishi wa safu hii anapoona utamu. Nyota iitwayo W43A ina maji yanayokwenda kasi katika michirizi miwili myembamba, jambo ambalo mtu angelitarajia kwa nyota changa. Lakini ni kongwe. Mwaka 2002 kundi lililoongozwa na Hiroshi Imai lilionyesha kwamba michirizi hiyo huenda kwa takriban kilomita 145 kwa sekunde na imejipinda, kana kwamba kinachoirusha kinayumba kama pia inayokaribia kuanguka. Miaka minne baadaye vipimo vya mawimbi hayohayo vilionyesha kwamba usumaku ndio unaouminya mchirizi ubaki mwembamba. Nyota za aina hii huitwa chemchemi za maji, na zilizokwisha kujulikana ni chache. Thamani yake ni kwamba zinatuonyesha dakika, kwa kadiri ya maisha ya nyota, ambayo jitu lililo mviringo linaanza kugeuka kuwa nebula yenye mabawa mawili. Anayechambua orodha ya maseri kwa kuangalia kasi peke yake angeziweka kwenye kundi la watoto, na angekosea.

*Mhariri, hewa ya Dunia imejaa mvuke wa maji. Mbona darubini haichanganyi maji yetu na yale ya nyota?*

Umeuliza swali ambalo wahandisi wa darubini huliuliza kila siku yenye mawingu. Mvuke wa hewa yetu nao hutoa na kumeza mawimbi kwenye gigahezi 22.235, lakini molekuli zake zinagongana mfululizo kwa sababu ya kanieneo, na migongano hiyo huyatawanya mawimbi yake katika upana wa gigahezi kadhaa. Mstari wa maseri ni mwembamba mno: mwendo wa kilomita moja kwa sekunde ni kilohezi 74 tu katika masafa haya, na maseri nyingi hazizidi upana huo. Katika grafu, hewa huonekana kama kilima chenye miteremko mirefu, na maseri kama sindano iliyosimama juu yake. Darubini huelekezwa kwenye nyota, kisha pembeni penye anga tupu, na kipimo cha pili hutolewa kutoka cha kwanza. Kilima hutoweka, sindano hubaki. Hasara iliyopo ni kwamba hewa yenye unyevu humeza sehemu ya ishara, na ndiyo maana majira makavu hupendelewa, na safu ya antena 27 za VLA huko New Mexico imewekwa kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Najua athari ya Doppler, yaani kubadilika kwa masafa ya wimbi kwa sababu ya mwendo wa chanzo chake, hutupa mwendo wa kitu kinachotujia au kinachotuacha. Je, mwendo wa kwenda pembeni hupimwaje, na umbali je?*

Marahaba. Umegusa sababu inayoifanya maseri ithaminiwe kuliko mawimbi mengine mengi ya molekuli.

Darubini moja yenye kipenyo cha mita 100, kama ile ya Effelsberg nchini Ujerumani, katika urefu wa wimbi wa sentimita 1.35 huona anga kwa ukungu wa sekunde za tao 40 hivi (sekunde moja ya tao ni pembe iliyo sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Ndani ya ukungu huo kiota kizima cha nyota changa huonekana kama doa moja. Lakini darubini zilizo mbalimbali zinaweza kurekodi wimbi lilelile kwa wakati mmoja, kisha rekodi zikaunganishwa na kompyuta, na matokeo yakawa kana kwamba una darubini moja yenye upana wa umbali uliopo kati yao. Mtandao wa VLBA wa Marekani una antena 10 kuanzia Hawaii hadi Visiwa vya Virgin, umbali wa zaidi ya kilomita 8,000, nao hutenganisha pembe ya takriban theluthi moja ya milisekunde ya tao. Milisekunde moja ya tao ni upana wa sarafu ya sentimita mbili ukiitazama kutoka kilomita 4,000. Ili rekodi zioane, kila kituo kinahitaji saa isiyopotoka, na saa hiyo, kwa kawaida, ni maseri ya hidrojeni. Kwa maneno mengine, maseri ya angani hupimwa kwa maseri ya duniani.

Ukungu ukiondoka, doa hugawanyika kuwa vidoa vingi, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribia umbali wa Dunia na Jua. Vipigwe picha leo, kisha baada ya miezi miwili, kisha tena. Kidoa kilicho umbali wa miaka ya nuru 3,260 kikisogea milisekunde moja ya tao kwa mwaka, kinakwenda pembeni kwa kilomita 4.74 kwa sekunde. Ongeza kipimo cha Doppler, nawe unapata mwendo kamili katika pande zote tatu, jambo ambalo katika elimu ya nyota halipatikani kirahisi. Kwa nyota changa kipimo cha pembeni ni cha lazima hasa, kwa sababu mshtuko hung'aa zaidi pale tunapoutazama ubavuni, ambapo njia ndani ya gesi ni ndefu. Gesi ya namna hiyo inakwenda kando na jicho letu, na Doppler peke yake ingetudanganya kwamba imetulia.

Umbali hupatikana kwa paralaksi, yaani kuyumba kidogo kwa kidoa kunakotokana na Dunia kulizunguka Jua. Mtandao wa VERA wa Japani, wenye antena nne za mita 20, ulijengwa mahususi kwa kazi hii: kila antena huitazama maseri na galaksi ya mbali isiyosogea kwa wakati mmoja, ili vurugu za hewa zifutane. Kwa njia hiyo umbali wa VY Canis Majoris, uliokuwa ukikadiriwa kuwa miaka ya nuru 4,900 hivi, ulitangazwa mwaka 2008 kuwa karibu 3,700. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa: nyota ikiwa karibu zaidi, mng'ao wake halisi ni mdogo zaidi, na katika hesabu hii unashuka hadi asilimia 58 ya ule wa zamani. Nyota iliyokuwa ikizisumbua nadharia kwa kung'aa kupita kiasi ikarudi ndani ya mipaka inayoelezeka.

*Ndugu Mhariri, kwa nini vyanzo vilevile vitazamwe miaka nenda miaka rudi? Picha moja nzuri haitoshi?*

Haitoshi, kwa kuwa maseri hazitulii. Kwa nyota changa zenye uzito mdogo kidoa kinaweza kuwaka na kuzimika ndani ya wiki chache, na anayepita siku moja asipokikuta hana haki ya kuandika kwamba hakuna maji. Chanzo cha Jabari kilifoka kati ya mwaka 1979 na 1985 kwa nguvu ambazo hazikuwa zimezoeleka hata kwa chanzo hicho, kikarudia mwaka 1998 na tena mwanzoni mwa muongo wa 2010, na milipuko hiyo ilijulikana kwa sababu walikuwepo watu waliorudi kutazama wakati wengine walikwisha kuhama.

Yapo pia mabadiliko ya polepole. Katika kundinyota la Dajaja (Cygnus) kuna nyota changa nzito iitwayo W75N(B)-VLA 2, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4,200 hivi. Mwaka 1996 upepo wake ulionekana wa mviringo. Mwaka 2014 ulikuwa umerefuka kuelekea upande mmoja, na vidoa vya maji vinavyouzunguka vilifuata mkondo huohuo. Kuiona nyota ikibadilisha umbo la upepo wake katika miaka 18 ni bahati kubwa, kwa kuwa hatua nyingi za maisha ya nyota huchukua maelfu au mamilioni ya miaka.

Tukio lililotufundisha zaidi lilitokea mwaka 2015 katika wingu la NGC 6334I, kwenye kundinyota la Nge. Darubini ya mita 26 ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ambayo ilikuwa ikilifuatilia wingu hilo, iliona maseri za aina kadhaa zikiwaka kwa pamoja, na vipimo vya ALMA, safu ya darubini za redio huko Chile, vikaonyesha kwamba mawimbi ya vumbi la eneo hilo yameongezeka mara nne. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyota changa ilimeza bonge la gesi kwa mkupuo na joto likafurika. Methanoli ilijitokeza mahali ambapo haikuwa imeonekana kabla. Maji yalifanya kinyume: karibu na nyota yalififia, kwa sababu vumbi lililopashwa moto huharibu mpangilio ule wa ngazi ambao maseri ya maji hutegemea, na wakati huohuo yaliwaka zaidi mbali kidogo upande wa kaskazini, pale mchirizi unapoligonga wingu. Picha moja ya mwaka 2014 isingekuwa na hata dokezo la jambo hilo, na picha moja ya mwaka 2016 ingemfanya mtazamaji aamini kwamba maji ya eneo hilo siku zote yamekaa kaskazini.